Stefano, Usifagie

Pendo alikuwa ametoka kwenda barabarani kuangalia gari mara nyingi mpaka mbwa wa jirani akaacha kumbwekea. Anatoka, anarudi. Anakishika kishikwambi, anakibonyeza, anakiweka. Anakishika tena. Jamani, kitu kilichokataa jana jioni kikakataa na alfajiri, kitakubali vipi sasa hivi kwa sababu tu umekikodolea macho?

"Mama Godi, hebu kaa chini," alisema Flora, jirani aliyekuja kumsaidia kumvalisha bibi. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikae vipi, Flora? Leo mama yangu anakwenda kwenye kikao cha ukoo hana mdomo!"

Wala hakuwa anatia chumvi. Mama yake, Mwalimu Ethel, alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, kitenge cha kanisani kimemkaa vizuri, mkono wa kulia umelala mapajani, hauna habari. Kiharusi kilimpitia mwaka juzi. Kilimchukua mkono, kikamchukua na maneno, yote kabisa, mwanamke aliyewafundisha nusu ya watu wa Lisekese, hapa Masasi, kusoma a, e, i, o, u. Akili hakikuigusa. Ukimdanganya anakutazama mpaka unaona aibu mwenyewe.

Kishikwambi ndicho kilichokuwa kinamsemea. Kina picha. Ukigusa kikombe, kinasema "Nataka maji." Ukigusa kitanda, kinasema "Lala." Ipo "Ndiyo," ipo "Hapana," na ya kwanza kabisa juu ni "Marahaba," maana mwalimu mstaafu anaamkiwa na mtaa mzima, na kukaa bila kuitikia ni mateso. Sauti zote ni za Pendo. Ya mama mwenyewe hakuna aliyewahi kuirekodi. Nani anarekodi sauti anayoisikia kila siku? Basi Pendo alijifungia chumbani akayasema maneno yote yeye, moja moja, akapanga picha kurasa kwa kurasa. Picha ya nyumba ya Mkunya, kule juu Newala alikozaliwa mama, aliihamishia ukurasa wa mwisho kabisa, kwa sababu mama alikuwa haachi kuigusa. Mchana kutwa Mkunya, Mkunya, Mkunya. Pendo akasema ni mkono tu unateleza.

Kikao cha leo kiliitwa na mjomba Kasiani, mdogo wake Ethel, na jambo lilikuwa moja: dada yake arudi Mkunya akatunzwe kwao, au abaki Lisekese kwa binti yake. Na kwa watu wa kule juu mjomba si mtu wa kupuuzwa. Dada akishindwa kusema, ndugu yake wa kiume ndiye anayesema. Kasiani alilisema hilo kwenye simu bila ugomvi wowote: "Mwanangu Pendo, dada akisema mwenyewe mbele za watu kwamba anabaki Masasi, mimi nanyamaza, na ukoo wote unanyamaza. Asiposema, mdomo wake ni mimi."

"Atasema mwenyewe, mjomba," Pendo alijibu, na alikuwa na uhakika atasema nini. Nani anamnawisha? Nani anamgeuza kitandani asipate vidonda? Tangu kiharusi kiingie nyumba ile, Pendo hajapata usingizi wa maana. Mlango ukilia kidogo tu, yuko wima. Aende Mkunya akakae na nani?

Sasa sikia alichofanya. Jana yake, jua linazama, kesho kikao, chombo kinasema vizuri hakina tatizo lolote, yeye akaamua kupandisha toleo jipya la programu. Ndiyo, jioni ile ile! Kulikuwa na onyo jekundu kwenye skrini, limekaa pale siku zote halimdhuru mtu, lakini Pendo hajui kuacha kitu kilivyo. Alitaka kila kitu kiwe safi kwa ajili ya kikao.

Mashine inayoendesha mambo hayo, seva, haiko Lisekese. Iko Newala mjini, kwenye steshenari ya Stefano, mtoto wa mjomba Kasiani. Joto la Masasi liliua mashine ya kwanza, ndipo Zabroni, mwalimu mwenzake Pendo wa kompyuta pale shuleni, akasema ipandishwe kule juu ambako upepo baridi ni wa bure. Zabroni ndiye aliyeisuka yote. Aliweka mfumo wa kuhifadhi mafaili yao wenyewe, bila kupanga chumba kwa kampuni ya ng'ambo, kisha juu yake akaandika programu ndogo ya picha na sauti kwa ajili ya Mwalimu Ethel peke yake. Programu hiyo hukuti pengine popote. Na Zabroni mwenyewe siku hizi kaajiriwa Msumbiji, ukimpigia unaambiwa hapatikani.

Basi Pendo aliandika amri zake kutoka Lisekese, na mashine ya Newala ikatii. La zamani likatoka, jipya likaingia. Akafurahi, akamwandikia Stefano ujumbe: "Nimeshapandisha toleo jipya. Asubuhi ukifungua duka, fagia." Stefano akarudisha kidole gumba.

Hilo la kufagia lina habari yake. Kila ukipandisha toleo jipya, mabaki ya la zamani yanabaki yamejaza diski, na kuna amri moja ya kuyatupa. Pendo aliipa jina "fagia" ili Stefano asihangaike. Mtu mwingine angefagia palepale, akamaliza. Lakini Pendo kalelewa na Ethel, na kwa Ethel jua likishazama takataka haitoki nje ya nyumba. Unaikusanya nyuma ya mlango, inalala hapo, asubuhi ndiyo inatupwa. Ukiitoa usiku umetoa na riziki. Pendo ni mwalimu wa kompyuta, ana cheti, na hata mafaili hayatupi jioni. Wenzake shuleni wanamcheka, yeye anawaambia, "Chekeni tu."

Ujumbe ulikuwa umeshakwenda ndipo alipochukua kishikwambi kukijaribu. Picha hakuna. Kikombe hakuna, kitanda hakuna, "Marahaba" hakuna. Skrini nyeupe na mstari mmoja: folda ya programu haipo.

Haipo? Imekwenda wapi? Alichungulia stoo ya mashine, akakuta sauti zake zote zimo, picha zote zimo. Kilichotoweka ni ile folda inayoziunganisha, inayojua kwamba kikombe ni maji. Alijaribu kumpigia mama sauti moja moja kutoka kwenye simu yake. Ethel akausukuma mkono wake, hasira usoni. Kuchaguliwa maneno na mtu mwingine si kusema. Pendo akarudi kwenye amri zake, na hapo hapo mawasiliano yakakatika, pu! Newala umeme ulikuwa umekwenda. Simu ya Stefano nayo ikaishiwa chaji. Pendo akabaki na jambo lake, akalia kidogo jikoni, akaandika swali kwenye kundi la wataalamu huko WhatsApp, na hakupata jibu.

Gari likaja mwishowe, Noah ya kijivu, dereva Alfredi, mtu wa Mkunya.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Alfredi, ameinama mbele ya kiti chake.

Ethel alimtazama. Mkono wake wa kushoto ukapapasa mapajani, mahali kishikwambi kinapokaa, ukakuta hakuna kitu. Alfredi akasubiri, kisha akajisogeza na kuanza kupakia mizigo. Pendo alitamani ardhi ipasuke aingie.

Njiani alikuwa anatikisa goti mpaka kiti kinalia. Mtandao unakuja unapotea. Mikorosho inapita, vibanda vinapita, bodaboda wenye magunia wanapita, yeye haoni kitu. Anapiga simu kwa Stefano, anaambiwa haipatikani. Anakata, anapiga tena. Walipoanza kupanda mlima, upepo ukabadilika, ule upepo mwembamba wa kule juu. Ethel alisogea dirishani, akaachia kitenge mabegani, akafumba macho.

"Atashikwa na baridi," Pendo akasema, akapandisha kioo. Ethel akakigonga kwa vidole. Akagonga tena. Pendo akamwambia, "Tulia mama, tunafika," kwa sababu simu ilikuwa imetetemeka.

Ni kundi la wataalamu. Mama mmoja wa Dodoma anayeitwa Huruma, hata hawajawahi kuonana, alikuwa ameandika hivi: "Dada, pole. Hiyo inaitwa kontena, na ina tabia ya kontena kweli. Toleo jipya likija, chumba kizima kinaondolewa, kinaletwa kingine. Ulichoweka stoo nje kinabaki, ulichoacha ndani kinakwenda nacho. Aliyekusukia aliiacha folda ya programu ndani, hakuitoa stoo. Lakini usikate tamaa. Mashine huwa haitupi vya ndani mara moja, inavirundika pembeni bila jina. Tafuta huko. Ila USIFAGIE. Ukishafagia, basi tena."

Pendo alisoma neno lile la herufi kubwa, akalisoma tena.

"Alfredi! Newala umeme umerudi?"

"Nitajuaje, Mama Godi, na mimi niko na wewe hapa?"

"Mwombe Mungu usirudi!"

Alfredi akamtazama kwenye kioo. Wilaya nzima imekaa gizani tangu jana, wasaga unga wamefunga mashine, vinyozi wamekaa nje, na huyu anaomba usirudi. Lakini Pendo alikuwa anaona kitu kimoja tu: Stefano. Stefano ni mtu wa utaratibu jamani, ule utaratibu unaoudhi. Akifungua duka anafagia kwanza ndani, anafagia nje, ananyunyiza maji vumbi litulie, halafu anakaa kwenye kompyuta kufanya alichoagizwa. Hajawahi kusahau agizo. Mtu yeyote mwingine angesahau! Umeme ukirudi tu, kile kinywa cha mama kinakwenda jalalani, na ni yeye Pendo aliyeagiza.

"Tutasimama Newala mjini kwa Stefano," alisema.

"Mzee Kasiani kaniambia moja kwa moja mpaka Mkunya. Wazee wameshakaa."

"Alfredi. Baba yangu. Usiposimama naruka."

Alfredi aliwahi kumwona Pendo alipokuwa msichana. Akajua ataruka.

Waliingia mjini, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa muziki wa saluni. Halafu mashine ya kusaga. Umeme umerudi! Watu wanashangilia barabarani, muuza juisi anawasha friji, na Pendo anapiga mlango wa gari kwa kiganja, "Twende, twende, twende!" Mbele ya steshenari ardhi ilikuwa imefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka, maji yameshanyunyizwa. Pendo aliiona ile ardhi imelowa. Akafungua mlango gari halijasimama sawasawa.

"Stefano, usifagie! Mikono juu!"

Stefano, mtu mzima, mwenye duka, akanyanyua mikono yote miwili. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, neno "fagia" limeshaandikwa, na mashine ilikuwa inamuuliza kama ana uhakika. Kila mara inauliza hivyo, na kila mara anajibu ndiyo. Kidole kilikuwa njiani.

"Kuna nini, dada Pendo? Wezi?"

"Toka hapo. Toka, toka, kaa kule."

"Hata salamu?"

"Nitakusalimu baadaye!"

Alifuta lile neno herufi moja moja, kisha akakaa, akashusha pumzi. Stefano, kwa kuwa ni Stefano, akatoka nje hadi kwenye gari kufanya inavyopaswa. "Shikamoo, shangazi," alisema. Ethel akamtazama, akatazama mbele. Stefano akarudi ndani.

Haya, kazi ikaanza. Pendo akaiambia mashine imwonyeshe vilivyorundikwa pembeni. Vikashuka kwenye skrini, rundo baada ya rundo, kila moja lina jina refu la herufi na tarakimu lisilo na maana kwa mwanadamu. Afungue lipi? Akafungua la kwanza: tupu. La pili: kumbukumbu za mashine, takataka kweli. Nje Alfredi akapiga honi. La tatu: tupu. Jasho linamtoka na baridi yote ile ya Newala.

"Baba amenipigia," Stefano alisema taratibu. "Anauliza mko wapi."

"Mwambie tunakuja."

"Nimemwambia. Anasema kama chombo kimekufa mje tu, yeye atasema."

"Stefano, nyamaza, nakuomba."

Stefano alikuwa katikati, maskini, baba yake upande huu, binamu yake upande ule, na shangazi yake ndani ya gari. Akaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Rundo jingine. Pendo akalifungua, na ndani yake mlikuwa na kontena la zamani zima, kama lilivyokuwa jana kabla hajalitia mkono. Akaingia ndani, folda ndani ya folda, akafika mahali pa programu. Folda moja ilikuwa na jina ambalo Zabroni aliliandika siku ile bila kumwambia mtu: mwalimu_ethel.

"Mama yangu," Pendo akasema, akaziba mdomo kwa kanga.

Takataka ya jioni ilikuwa imelala nyuma ya mlango. Kama angefagia jana, kama wanavyofagia wenye akili zao, asingekuta kitu. Lakini hakuwa na muda wa kufikiri hilo. Aliinakili folda, akaitoa kule ndani, akaiweka stoo pamoja na sauti, kisha akaandika kwenye maelekezo ya kontena mstari ambao Zabroni alipaswa kuuandika tangu mwanzo, kwamba programu hii iko nje, ije ichukuliwe huku. Akazima, akawasha. Akakimbilia garini, akakitoa kishikwambi.

Skrini ikafunguka. Nyeupe.

"Aah! Sasa nini tena?"

Honi. "Mama Godi, wazee!"

"Piga tu, Alfredi, piga mpaka betri iishe!"

Akarudi ndani. Folda ipo, programu inaiona, inakataa kuisoma. Kwa nini? Akazunguka kiti. Akakaa. Akasimama tena. Kisha akajipiga kofi pajani: folda ameinakili yeye, kama mkubwa wa mashine, kwa hiyo ni mali yake yeye. Programu haina ruhusa ya kugusa kitu cha mkubwa. Amri moja ya kubadili mwenye mali, basi. Vidole vikakosea, akarudia, vikapata.

Safari hii hakukimbia. Alikwenda garini polepole, akiogopa. Akakiweka kishikwambi mapajani kwa mama yake, upande wa kushoto, mahali pake. Picha zikaja moja moja. Kikombe. Kitanda. Uso wa Pendo. Uso wa mjomba Kasiani amevaa kofia. Ndiyo. Hapana. Ethel akazitazama zote kwanza, bila haraka, mwalimu anayeita majina darasani. Halafu akamtafuta Stefano kwa macho, akamkuta mlangoni pa duka, akanyoosha kidole.

"Marahaba," kikasema kishikwambi.

Stefano alicheka machozi yakimtoka. Pendo alifungua kurasa zote mpaka wa mwisho zikae ndani ya chombo, maana mtandao wa Mkunya haueleweki, kisha wakaondoka.

Kwa mjomba Kasiani walikuwa wamekaa sebuleni, viti vimezunguka, wengine mkekani, mama mdogo Sikudhani kutoka Mnyambe naye kaja na wanawe. Chai ilikuwa inachemka uani pamoja na ming'oko, ile mizizi ya porini. Ethel akaingizwa, akakalishwa karibu na dirisha. Shikamoo zikaja kutoka kila upande, na kila moja akaiitikia, marahaba, marahaba, marahaba, kwa sauti ya Pendo, mpaka watoto wakaanza kucheka na kuamkia mara ya pili. Pendo alikaa pembeni yake, mgongo umenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu jana alijisikia vizuri. Ameshinda! Sasa waulize.

Kasiani hakuzungusha maneno. Alivua kofia, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya dada yake. "Dada," alisema, "watu wote wako hapa. Wewe ndiye mkubwa wetu. Mimi nilisema urudi nyumbani. Mwanao anasema ubaki Masasi. Mwili ni wako. Sema mwenyewe, tusikie."

Ethel aliweka kidole kwenye skrini. Hakugusa picha yoyote. Alisukuma ukurasa. Akasukuma wa pili. Pendo akajua mkono umeteleza, akanyoosha wake amsaidie kurudi, na Ethel akaupiga, tap, kwa kidole kile kile, alivyokuwa anawapiga watoto wanaochungulia daftari la mwenzao. Akasukuma tena, na tena, mpaka wa mwisho.

"Mkunya," kikasema kishikwambi.

Ethel akarudi kurasa zote zile, taratibu, akagusa. "Nataka." Akagusa uso wenye kofia. "Kasiani." Akagusa mti unaoyumba. "Upepo."

Ilikuwa sauti ya Pendo. Ndicho kilichomwuma kuliko vyote. Alikuwa anajisikia mwenyewe, anasema vizuri kabisa, bila kigugumizi, maneno ambayo angekufa kabla ya kuyasema. Nataka Mkunya. Uso ulimwaka moto, akatazama chini, akaona miguu yake bado ina vumbi jekundu la kukimbia.

Kasiani mwenyewe alikuwa ameshtuka. Si mtu mbaya, Kasiani. Alikuwa amejiandaa kushindwa. Akamgeukia Pendo. "Mama Godi," alisema, "Stefano kaniambia kile chombo kiliharibika jana, mmekitengeneza leo njiani. Wewe ndiye unayekijua, sisi hapa hatukijui. Kimepona kweli? Au kinachanganya mambo?"

Watu wote wakamtazama. Na hapo, jamani, neno moja tu lilitosha. Bado, mjomba, bado kinachanganya, tuahirishe. Nani angebisha? Huruma yuko Dodoma, Zabroni yuko Msumbiji. Hakuna mtu ndani ya sebule ile ambaye angejua. Neno lilimjia Pendo mpaka mdomoni, akalisikia utamu wake. Akamtazama mama yake. Ethel alikuwa anamtazama vilevile alivyozoea kumtazama mtu anayetaka kudanganya, na kishikwambi kimelala mapajani, kimya, kinasubiri.

"Kimepona, mjomba," Pendo alisema. Akarudia. "Kimepona. Kinasema anachotaka yeye."

Akaanza kulia mbele za watu wote, bila kujificha. Mama mdogo Sikudhani akainuka kumfuata, lakini Ethel alinyanyua mkono wa kushoto, akamzuia. Akagusa picha ya uso wa binti yake.

"Pendo."

Kidole kikatafuta, kikapata kitanda.

"Lala."

Pendo akatikisa kichwa. Ethel akagusa tena. "Lala." Tena. "Pendo. Lala." Mpaka Pendo akaelewa kwamba hakuwa anaombwa. Siku zote zile alizokuwa anashtuka kila mlango ukilia, kumbe kuna mtu mwingine alikuwa macho kitanda cha pili, anamhesabia usiku anaokesha, hana mdomo wa kusema acha.

Dirisha lilikuwa wazi, upepo unaingia, na safari hii hakuna aliyelifunga. Pendo aliteremka kutoka kwenye kiti, akakaa mkekani, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, upande ule usio na habari. Wazee wakaanza kuzungumza juu ya chumba kipi kitafaa na nani ataleta godoro. Alitaka kuwaambia kwamba mama halali upande wa kulia, kwamba maji yake yawe vuguvugu, kwamba kuna mambo mengi sana ya kuandika. Angewaambia chai ikifika. Chai ilipofika, alikuwa amelala.